Mwenyekiti Aliyesema Mwanawe Hayupo

Mwenyekiti hakupenda tuseme "ku-testify." Sisi wengine tulikuwa tumelizoea neno hilo, maana kila mtu kule Annapolis alilitumia, nasi tukaliokota kama tulivyookota maneno mengine ya nchi ile. Wakenya tulisema, "Kesho naenda ku-testify." Mama Neema, aliyetoka Bukavu, alisema "témoigner." Mwenyekiti, mtu wa Tanga, alitutazama kama watu waliomwaga uji kwenye zulia. Hata maneno "kutoa ushahidi" aliyakataa. Alisema ushahidi hutolewa palipo na mshtakiwa, na sisi hatukuwa tukimshtaki mtu.

"Tunakwenda kusema," alituambia. "Basi. Semeni tunakwenda kusema."

Na hicho ndicho tulichokifanya misimu kadhaa ya baridi, mwishoni mwa miaka ya tisini. Bunge la jimbo la Maryland lilipoanza vikao vyake baada ya mwaka mpya, wazazi wa shule moja ya msingi ya serikali pale Laurel tuliingia kwenye gari la Mwenyekiti wa kikundi chetu, tukashika njia ya Annapolis, tukakaa katika chumba cha kamati mpaka tuitwe, tukasema. Binti zangu wawili walisoma katika shule ile, yule mdogo akiwa kwenye mojawapo ya makontena.

Makontena tuliyaita yale madarasa yaliyowekwa nyuma ya shule kwa sababu jengo lilikuwa limejaa. Yalitakiwa yakae kwa muda tu. Yalikuwa na ngazi za mbao na mashine ya joto iliyonguruma hadi mwalimu akapaza sauti, na mtoto akitaka kwenda msalani alivaa koti kwanza. Lakini hatukwenda Annapolis kwa ajili ya makontena. Mwenyekiti alitukataza. "Mkitaja kontena watawapa rangi ya kupaka kontena," alisema. Tulikwenda kwa ajili ya walimu. Watoto waliofika wakiwa hawajui Kiingereza walikuwa wengi, na mwalimu wa kuwafundisha aligawanywa kati ya shule kadhaa. Madarasa mengine yalishikiliwa na walimu wa muda, huyu akija, yule akiondoka. Tulielezwa kwamba pesa za kuajiri walimu wa kudumu zilipaswa kutafutwa bungeni, na Mwenyekiti akasema kama ziko bungeni, basi tuzifuate huko huko.

Alikuwa mwanamke mfupi, ushungi umebanwa sawasawa chini ya kidevu, koti la kijivu ambalo sijui kama alikuwa na jingine. Kazi yake ilikuwa kupima maji katika maabara moja njiani kuelekea Baltimore. Aliogopa barabara kuu na wala hakuficha. Alishika usukani kwa mikono miwili, akabaki upande wa kulia, malori yakatupita yakipiga honi. Hakuruhusu redio wala maongezi mpaka tutoke kwenye magari mengi. Nilimwuliza siku moja kwa nini asimwachie usukani Baba Achieng, Mkenya mwenzangu, ambaye kazi yake ilikuwa kuendesha basi dogo la kupeleka wasafiri uwanja wa ndege.

"Baba Achieng anaendesha vizuri mno," alinijibu. "Mtafika mmelala. Mimi nataka mfike macho."

Mikutano yetu tuliifanya katika ukumbi wa chini wa kanisa moja, kwa kuwa wenyewe walituachia. Yeye Mwislamu, mwenye kuswali kwa wakati, ndiye aliyekabidhiwa ufunguo. Wakati wa sala ulipoingia alijitenga katika chumba cha shule ya Jumapili, akaswali kati ya viti vidogo vya watoto, kisha akarudi akaendelea na neno lile lile alilokuwa ameliacha. Majina ya watu wazima yalimshinda. Alinijua mwaka mzima kama "mwenzangu wa Nakuru" kabla hajashika kwamba mimi ni Mama Njeri. Ila jina la mtoto hakulisahau, akishalisikia limekwisha kaa. Angeweza kukutana na mtu dukani, akamtumbulia macho, kisha akasema, "Wewe ni wa Kevin. Kevin meno yameota?"

Alitusahihisha Kiswahili bila huruma. Baba Achieng akisema mtoto "ako shule," yeye alisema polepole, "yuko shule," kama mtu anayemfuta mwenzake makombo kwenye shati. Lakini mwanawe wa pekee, Salim, alimjibu kwa Kiingereza, na huyo hakumsahihisha hata mara moja. Alimwambia, "Salim, njoo unipokee mfuko huu," mtoto akajibu, "In a minute, Ma," naye akaendelea kuubeba.

Hakuwa raia, hakuwa na kura. Baba Achieng, ambaye alipenda kumchokoza, alimwuliza mbele ya watu, "Sasa wewe huna kura. Hao waheshimiwa watakusikiza juu ya nini?"

"Kodi yangu wanaipokea bila kuniuliza kama nina kura," alisema, akageukia jambo lililofuata.

Kabla ya kwenda kusema alitufundisha, na mafundisho yake hayakuwa mengi. Anza na jina la mtoto. Sema kilichompata, usiseme unachofikiri, maana wanaofikiri wamejaa tele mjini. Na usishukuru sana. "Ukienda kushukuru, utarudi na shukrani," alisema. Kila msemaji alipewa dakika mbili tu, na mezani mbele yake palikuwa na taa, ya kijani ukianza, nyekundu ukimaliza. Mwenyekiti aliziheshimu dakika zile kuliko kitu chochote. "Hizo si zao," alimwambia Mama Neema siku ya kwanza tulipompeleka. "Ni zako. Mpaka taa iwe nyekundu, kile kiti ni chako."

Mama Neema alifanya usafi hospitalini na Kiingereza chake kilikuwa bado kichanga. Alikaa mezani, Mwenyekiti pembeni yake akimtafsiria.

"Mutoto wangu ni Neema," alisema. "Anaenda ku masomo kila siku. Mwezi hii mwalimu mupya, mwezi ingine mwalimu mupya. Anarudia nyumba ananiambia, 'Mama, ule mwalimu hajue jina yangu.' Batoto bengine banasoma, ye anachora tu. Njo vile."

Mwenyekiti alitafsiri neno kwa neno, bila kupamba. Mkuu wa kamati akamshukuru Mama Neema, akaanza kutafuta jina la msemaji mwingine. Mama Neema hakuinuka. Taa ilikuwa bado ya kijani. Aliweka mikono juu ya mkoba wake akawatazama wabunge, mmoja mmoja, kuanzia wa kushoto. Mkuu wa kamati akasema tena asante. Mwenyekiti hakumgusa, hakumnong'oneza. Wabunge wakaanza kumtazama na wao, hata yule aliyekuwa akisoma gazeti. Taa ilipokuwa nyekundu Mama Neema akasema, "Merci," akanyanyuka.

Kule nje kwenye korido Mwenyekiti alicheka mpaka akaegemea ukuta. Sikuwahi kumwona akicheka namna ile tena.

Ninayoyasema sasa yalitokea msimu uliofuata. Palikuwa na mswada wa kuzipa pesa za ziada shule zenye watoto wengi wanaojifunza Kiingereza, ili ziajiri walimu wa kudumu. Tulikuwa tumeungojea. Siku ya kusikilizwa katika kamati ya kwanza tulijaza gari lote. Tulikaa tangu asubuhi tukisikiliza miswada ya mabasi na ya mitihani, na jina la Mwenyekiti liliitwa watu wakiwa wameshachoka. Alisema vizuri kama kawaida yake, akataja watoto wetu kwa majina, akamaliza kabla ya taa kugeuka.

Mbunge mmoja, mama wa makamo, miwani inaning'inia kifuani, akasogeza kipaza sauti. Ninaukumbuka uso wake, hakuwa na nia mbaya. Alikuwa ameguswa.

"Na wako wewe?" alimwuliza kwa Kiingereza. "Mwanao anaendeleaje katika shule hii?"

Nilikuwa nimekaa nyuma yake. Niliona mabega ya lile koti la kijivu yakitulia, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa mbali. Angeweza kusema, "Anaendelea vizuri, mheshimiwa." Hakuna ambaye angekwenda kuchunguza. Sisi wenyewe tuliokuwa nyuma yake tungeitikia kwa vichwa.

"Hayupo," alisema.

Yule mama akadhani hakusikia.

"Mwanangu hayupo katika shule hii," alirudia. "Nilimwondoa Septemba. Yuko shule ya kulipia. Darasa lake lilikaa muda mrefu bila mwalimu wa kudumu. Alikuwa mtoto wa kusoma kila kitu, hata maandishi ya kwenye boksi la sabuni. Akaacha. Akawa hataki kushika kitabu. Mimi na mume wangu tuna mishahara miwili, kwa hiyo tulimwondoa. Mama aliye nyuma yangu hana pa kumpeleka wake. Mimi nimekimbia, mheshimiwa. Ninawaomba muitengeneze shule hii ili mwingine asilazimike kukimbia."

Yule mbunge aliishika miwani yake bila kuivaa. "Asante kwa kutuambia," alisema, na mkuu wa kamati akaita jina lililofuata.

Tulirudi Laurel. Hata tulipotoka kwenye barabara kuu, mahali ambapo kwa kawaida maongezi yalifunguliwa na chupa ya chai ikaanza kuzunguka, hakuna aliyeiomba. Baba Achieng alikuwa wa kwanza kushuka, na mlango aliufunga kwa nguvu.

Jumamosi mchana ukumbi ulijaa kuliko siku zote. Watu ambao hatukuwa tukiwaona mikutanoni walikuja. Mzazi mmoja alisema tumewapa wapinzani wa mswada maneno ya bure mdomoni. Mwingine alisema mtu akitaka kuongoza wazazi wa shule, awe na mtoto ndani. Kisha Baba Achieng akasimama, na safari hii hakuwa anachokoza.

"Mimi nimekuwa nikichukua off kazini, nikijua tuko pamoja," alisema. "Kumbe wako ako na uniform ya private na wangu ako kwa kontena. Si ungetuambia tu? Mimi ningekasirika, yes. Lakini ningejua."

Mwenyekiti hakumsahihisha Kiswahili siku ile. Alisimama, mikono ameishikanisha mbele.

"Sitaomba radhi kwa kumwondoa mtoto," alisema. "Ningekuwa pale pale tena, ningemwondoa tena. Naomba radhi kwa kuwaficha. Niliona aibu. Na niliogopa kwamba mkijua, mtaacha kuja."

Akautoa ufunguo wa ukumbi mkobani, akauweka mezani. Hapo ndipo Mama Neema aliponyoosha mkono kama mwanafunzi, akasema bila kungoja kuruhusiwa.

"Mie nilijua," alisema. "Nilimuona Salim na cravate ya masomo ingine mu shingo, pa station ya essence, pale banauzisha mafuta ya motokari, tangu mwezi wa kumi. Nilinyamaza. Nilikuwa naangalia tu. Nikasema, sasa huyu mama ataacha kuya. Mwezi ya kumi na moya, anakuya kunibeba ku mukutano. Mwezi ya kumi na mbili, anakuya. Mutoto wake hayiko mule tena, na bado anakuya." Akamgeukia Baba Achieng. "Wewe, wako akitoka mu kontena, utakuya?"

Baba Achieng alivuta kiti chake. Akakaa.

Hata hivyo Mwenyekiti alijiuzulu, na watu walikubali ajiuzulu. Walinichagua mimi, zaidi kwa sababu nilikuwa nimekaa karibu na ufunguo. Ila jina halikuhama. Mpaka leo ukisema "Mwenyekiti" mbele ya wazazi wa wakati ule, hakuna atakayedhani unamsema Mama Njeri. Yeye alirudi kukaa kwenye viti vya kawaida, akangoja mpaka tufike kwenye mengineyo, akanyoosha mkono.

"Jumanne mswada unasikilizwa na kamati ya seneti," alisema. "Gari langu litakuwa mahali pake. Lina nafasi."

Jumanne ile nilipofika kwenye maegesho ya kanisa, mwenyewe alikuwa ndani, mikono miwili kwenye usukani, injini inawaka. Mama Neema alikuwa amekwisha kaa mbele. Tukangoja. Hakuna aliyetokea. Saa ya kuondoka ilipofika aliweka gia. Tulikuwa tumeshageuza gari tulipomwona Baba Achieng anakuja mbio akivuka nyasi zenye barafu, koti la kazini halijafungwa. Alisukuma mlango, akaingia siti ya nyuma kabisa.

"Leo nasema mimi," alitamka, bila kumtaja mtu.

"Karibu," alisema Mwenyekiti.

Tulipotoka kwenye barabara kuu, sauti ikatoka nyuma. "Hiyo chai iko?"

"Ipo," alisema Mwenyekiti, na nikaona kwenye kioo kwamba alikuwa anajizuia asitabasamu. Mama Neema akamimina.

Baba Achieng alisema siku ile, alisema kwa hasira nzuri, na jina la Achieng lilitamkwa mara nyingi. Lakini ninayemkumbuka zaidi ni Mwenyekiti. Nilidhani angejificha, angetuachia sisi tusio na cha kuulizwa. Alikwenda mezani, taa ikawa ya kijani, akaanza hivi: "Nina mtoto mmoja, na hasomi katika shule ninayokuja kuisemea. Nitawaeleza kwa nini." Maseneta waliokuwa wakinong'onezana wakamgeukia. Kuanzia siku ile hakuwahi kuanza kwa namna nyingine. Kile alichokuwa amekificha tangu Septemba alikiweka mbele kabisa, kabla mtu hajauliza, na kila alipofanya hivyo niliona kinamgharimu, kwa sababu vidole vyake vilibana ukingo wa meza.

Mswada ulipita ukiwa umepunguzwa. Pesa zilizobaki zilikuwa sehemu tu ya zile zilizoombwa, na makontena hayakuondoka, bali liliongezwa jingine. Lakini msimu wa vuli shule yetu ilipata mwalimu wake mwenyewe wa watoto wanaojifunza Kiingereza, mwalimu wa kudumu, aliyekuja kila siku na aliyejua jina la Neema. Wiki ya kwanza ya shule nilimkuta Mwenyekiti kwenye korido ya madarasa, amesimama nje ya mlango, anachungulia kwenye kile kidirisha kirefu cha kioo. Alikuwa amechelewa kazini, yeye ambaye hakuvumilia uchelewaji. Hakunisalimu. Alikaa pale muda mrefu anamtazama yule mwalimu akifundisha, kisha akavuta ushungi wake, akaenda zake.

Watu walitarajia sasa atamrudisha Salim. Nami nilitarajia hivyo, nikamwuliza.

"Ameanza kusoma tena," alisema. "Juzi nimemkuta na kitabu chini ya meza wakati wa chakula. Simchezei, mwenzangu, atabaki huko huko." Akaniangalia kuona kama namhukumu. Sikumhukumu. Salim hakurudi, na mama yake hakuacha kwenda Annapolis.

Kisha mume wake akapata kazi chuo kikuu, ng'ambo ya mto Potomac, wakahamia Fairfax. Kuhama kwenyewe si mbali. Lakini Fairfax ni Virginia, na Virginia ni jimbo jingine lenye bunge jingine. Wabunge wote aliowajua, nani anasikiliza akiwa amefumba macho na nani anafumba macho kwa sababu amelala, hawakuwa wake tena. Tulimfanyia pilau kwenye ukumbi wa kanisa. Baba Achieng alitoa hotuba ndefu yenye "yuko" kila mahali. Nilirudi nyumbani nikiwaza kwamba sasa mama yule atapumzika.

Nilikuja kumwona tena baridi ya mwaka uliofuata. Nilikuwa nimempeleka mgonjwa niliyeajiriwa kumtunza kwa daktari kule Fairfax, nikampigia simu, akaniambia nimfuate maktaba ya umma. Nilimkuta katika chumba cha nyuma na kina mama ambao sikumjua hata mmoja, Msomali, Msalvador, bibi mmoja wa Kikorea na mjukuu wake. Aliyekuwa akiendesha mkutano alikuwa msichana wa Kimarekani mwenye sauti ndogo. Mwenyekiti alikuwa nyuma, anapanga viti. Nilingoja mpaka wakamaliza.

"Salim yuko shule gani huku?" nilimwuliza.

"Ya serikali, karibu na nyumba. Nzuri, ina walimu. Hawa ni wa shule ya pili, ng'ambo ya barabara kubwa. Huko ndiko kwenye taabu."

"Kwa hiyo bado huna mtoto ndani."

"Bado," alisema, akanyanyua viti viwili kwa pamoja. Nilimpokea kimoja.

Akanieleza kwamba mswada wao utasikilizwa Jumatano, na kwamba bunge la huku liko Richmond, safari ndefu si kama Annapolis. Yeye atajaza gari lake. Lakini yule mama wa Salvador, ambaye ndiye hasa wa kusikilizwa, amekosa nafasi, maana aliyekuwa amchukue ameitwa kazini. Alipomaliza kueleza akanitazama, na nikajua kinachokuja.

"Wewe Jumatano huendi kazini," alisema.

"Mwenyekiti, mimi nakaa Maryland. Hilo si jimbo langu. Sina mtoto Virginia."

"Sikukuuliza unakaa wapi," alisema kwa upole, akisukuma kiti cha mwisho chini ya meza. "Nimekuuliza kama unaenda kazini."

Yule mama wa Salvador alikuwa mlangoni amevaa koti tayari, anatutazama sisi wawili tukisemezana lugha asiyoijua. Nadhani aliyaelewa yote. Nilimwuliza jina la mtoto wake. Akasema ni Marisol.

Jumatano, kabla jua halijatoka, nilivuka daraja la Potomac kwenda kumchukua mama Marisol.